MAMA WAKIWA GETINI: HISTORIA YA SHULE YA LITTLE ROCK CENTRAL

 

Mfululizo wa leo si wa chanjo wala uji wa lishe. Ni wa shule. Kila Januari ikikaribia, inbox yangu inajaa swali moja: "Nesi, mtoto nimpeleke shule gani? Za serikali zimechakaa, au nijibane nilipe ada?" Mimi si mwalimu, jibu la moja kwa moja sina. Ila nina historia ya shule moja ya serikali huko Marekani, katikati ya mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas. Nataka tuisome kwa jicho la mama, maana kwenye hadithi hii kina mama wapo pande zote mbili za geti. Ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Weka chungu jikoni, punguza moto, twende.

SEHEMU YA 1: JENGO LA FAHARI

Shule ilifunguliwa mwaka 1927. Iligharimu dola milioni 1.5, pesa nyingi mno kwa wakati ule. Ni jengo kubwa la matofali, lina ngazi pande mbili za mlango mkuu na sanamu nne juu ya milango: Nia ya Maendeleo, Haiba, Fursa na Maandalizi. Wasanifu majengo waliisifia kuwa shule ya sekondari nzuri kuliko zote Marekani. Mji mzima ulijivunia.

Sasa, mji mzima ni nani? Sheria za huko wakati huo zilitenga watu kwa rangi. Shule ile ilikuwa ya watoto wa Kizungu tu. Watoto Weusi walijengewa ya kwao mwaka 1929, ikaitwa Dunbar, kwa gharama ya kama dola 400,000, na sehemu ya pesa hizo ilitoka kwa wafadhili. Walimu wa Dunbar walikuwa hodari na shule ilikuwa na jina zuri. Lakini vitabu vingi vilivyofika pale vilikuwa vimeshatumika na watoto wa Kizungu, vingine vimechanwa kurasa.

Tusiwacheke, na sisi tulikuwa nayo. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Ubaguzi ule uliondolewa rasmi kwenye shule zetu Januari 1962, mara tu baada ya uhuru. Bibi zetu wengine wameuona kwa macho yao.

Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu kwamba kutenga watoto wa shule za serikali kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka uliofuata ikasema utekelezaji ufanyike kwa haraka inayowezekana, maneno ambayo kila mtu aliyavuta upande wake. Bodi ya shule ya Little Rock ikapanga kuanza taratibu, Septemba 1957, katika shule moja tu: Central.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Mwaka huohuo mji ulifungua sekondari nyingine mpya, Hall, upande wa magharibi walikokaa wenye uwezo. Hiyo haikuguswa, ilibaki ya Wazungu watupu. Kwa hiyo mzigo wa mabadiliko waliachiwa familia za Kizungu za kipato cha chini na cha kati waliokuwa na watoto Central. Wakaona matajiri wamejitoa, wao wamefanywa uwanja wa majaribio. Hilo halihalalishi walichofanya baadaye, ila linasaidia kuelewa hasira ilipata wapi kuni.

SEHEMU YA 2: MSICHANA NA GAUNI LAKE

Agosti 1957 kina mama wa Kizungu wakaunda umoja wao, wakauita Umoja wa Kina Mama wa Central High. Walisema wanalinda watoto wao. Mmoja wa viongozi wao akaenda mahakamani kuomba zuio, akidai kutakuwa na fujo watoto Weusi wakiingia. Mahakama ya jimbo ikatoa zuio tarehe 29, kesho yake jaji wa serikali kuu akalitupa.

Watoto Weusi waliokuwa tayari kuingia walikuwa tisa: Ernest Green, Elizabeth Eckford, Jefferson Thomas, Terrence Roberts, Carlotta Walls, Minnijean Brown, Gloria Ray, Thelma Mothershed na Melba Pattillo. Carlotta alikuwa na miaka 14. Thelma alikuwa mgonjwa wa moyo tangu utotoni, na bado mama yake alikubali aende. Aliyewasimamia wote ni Daisy Bates, mwanamke Mweusi aliyekuwa na gazeti pamoja na mumewe. Nyumba yake ikawa kituo chao.

Tarehe 2 Septemba Gavana Orval Faubus akatangaza kuwa anaweka askari wa jimbo kuizunguka shule. Asubuhi ya tarehe 4 watoto walitakiwa wakutane kwanza, waende kwa pamoja. Nyumbani kwa kina Elizabeth hakukuwa na simu. Ujumbe haukufika.

Basi Elizabeth, miaka 15, akavaa nguo aliyoshona nyumbani kwa ajili ya siku hiyo, akapanda basi peke yake. Alipofika, askari wakamzuia kwa bunduki zenye singe. Akageuka. Nyuma yake umati unamfuata, wengine wanapiga kelele anyongwe. Alisimulia baadaye kwamba alitafuta kwenye umati uso wa mtu mzima wa kumsaidia, akamwona mama mzee mwenye sura ya huruma. Alipomtazama tena, yule mama akamtemea mate.

Hapo mimi husimama kila nikisoma. Mtoto akiogopa, mwili wake wenyewe humtafuta mama, hata asiye wake. Sisi manesi tunaliona kila siku kwenye chumba cha sindano.

Alitembea mpaka kwenye benchi la kituo cha basi akakaa. Mwandishi mmoja wa habari akakaa karibu yake kumtuliza. Mwanamke wa Kizungu, Grace Lorch, akawakemea watu, akapanda naye basi. Elizabeth hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kazini kwa mama yake.

Mpiga picha Will Counts alinasa tukio lile. Kwenye picha, nyuma ya Elizabeth yuko msichana wa Kizungu kafungua mdomo, uso umejaa chuki. Anaitwa Hazel Bryan. Naye alikuwa na miaka 15. Mshike jina hilo, tutarudi kwake.

SEHEMU YA 3: MWAKA MMOJA NDANI

Jaji akaamuru askari wa gavana waondoke. Tarehe 23 Septemba wale tisa wakaingizwa kwa mlango wa pembeni. Nje umati ukapita watu elfu moja, na kabla ya saa sita mchana polisi wakawatoa watoto kwa usalama wao. Kesho yake Rais Eisenhower akatuma askari wa miamvuli wa kikosi cha 101, zaidi ya elfu moja. Tarehe 25 watoto wakapanda zile ngazi na kuingia mlango mkuu, askari kulia na kushoto.

Wengi hukomea hapo, wanapiga makofi. Lakini jamani, askari hawezi kuingia chooni na msichana. Haingii chumba cha kubadilishia nguo za michezo. Humo ndimo watoto wale waliposukumwa, kupigwa mateke na kumwagiwa vitu, mwaka mzima. Melba anasimulia katika kitabu chake kuwa mvulana alimrushia kimiminika machoni, kikaanza kuunguza. Askari aliyekuwa akimlinda akamkimbiza kwenye maji, akamwoshea macho hapohapo, na daktari akasema ile haraka ndiyo iliyookoa macho yake.

Naomba nivae gauni langu la kazi dakika moja. Kemikali ikiingia jichoni kwa mtoto, iwe dawa ya choo, chokaa au maji ya betri: maji safi yanayotiririka, mengi, dakika 20 bila kukatisha, jicho likiwa wazi, halafu ndiyo hospitali. Usianze kutafuta usafiri kabla ya kuosha. Usitie maziwa wala mafuta. Tumeelewana? Tuendelee.

Na wazazi wao je? Mama yake Gloria alipoteza kazi yake ya serikali ya jimbo. Baba yake Carlotta, fundi wa matofali, akawa hapati kazi mjini, akalazimika kuifuata mbali. Minnijean, baada ya kuchokozwa na kujibu, alifukuzwa shule Februari 1958. Wachokozi wengi walibaki.

Ernest Green ndiye pekee aliyekuwa mwaka wa mwisho. Tarehe 27 Mei 1958 alihitimu pamoja na wenzake kama 600. Martin Luther King alikuwepo kwenye mahafali. Ernest anakumbuka kuwa jina lake lilipoitwa, uwanja ulinyamaza. Akachukua cheti chake akatembea.

SEHEMU YA 4: MWAKA BILA SHULE

Ungefikiri yameisha. Septemba 1958 gavana akafunga sekondari zote nne za mji, za Wazungu na za Weusi. Tarehe 27 wananchi wakapiga kura: 19,470 walikataa watoto kuchanganywa, 7,561 walikubali. Wanafunzi 3,665 wakabaki bila shule. Walimu wana mikataba, kwa hiyo walikwenda kila asubuhi kukaa kwenye madarasa matupu. Cha ajabu, mechi za mpira ziliendelea! Masomo hakuna, mpira upo.

Wenye ndugu miji mingine waliwapeleka watoto huko. Wenye pesa wakatafuta shule za binafsi. Watoto wengi wa Kizungu walipata pa kwenda. Kwa watoto Weusi, karibu nusu hawakusoma kabisa mwaka ule. Wengine walianza kazi, wengine wakaolewa, wengine hawakurudi tena darasani. Huko wanauita Mwaka Uliopotea. Ukifunga mlango kumzuia mtoto wa jirani, na wa kwako anabaki nje. Ila wa jirani maskini ndiye atakayekaa nje muda mrefu zaidi.

Hapo sasa likaja kundi la pili la kina mama. Tarehe 16 Septemba 1958, nyumbani kwa bibi mmoja aitwaye Adolphine Fletcher Terry, wanawake wa Kizungu walikutana wakaunda Kamati ya Dharura ya Wanawake ya Kufungua Shule Zetu. Bibi Terry alikuwa na miaka 75. Miaka 75, mama zangu! Angeweza kukaa barazani akasema wakati wangu umepita.

Kazi yao haikuwa ya kupendeza kwenye picha. Walipiga simu nyumba kwa nyumba, waliandika barua, walichapa vipeperushi, wakaandika ripoti kuonyesha jinsi biashara za mji zilivyoumia. Majina ya wanachama yalifichwa, kwa sababu mume angeweza kufukuzwa kazi mkewe akijulikana. Wanawake waliongezeka mpaka wakapita elfu moja.

Tuwe wakweli pia: kamati ile haikupokea wanawake Weusi. Waliogopa kupoteza kura. Kina mama ambao watoto wao ndio waliotemewa mate hawakukaribishwa kwenye meza ya kuwatetea. Wema nao huwa na mipaka yake, na ni vizuri kuitaja.

Mei 1959 wajumbe watatu wa bodi waliotaka ubaguzi wakaamua kuwafukuza walimu na wafanyakazi 44 walioonekana si wa upande wao. Hapo hata wazazi waliokuwa kimya wakashtuka, maana walimu wale walikuwa wanawajua kwa majina. Ikaanza kampeni ya kuwaondoa wajumbe hao kwa kura. Wanawake wa kamati wakagawa kadi za wapiga kura mafungu matatu: watakatifu, wenye dhambi, na wanaoweza kuokolewa. Hao wa tatu ndio walioandamwa na simu! Tarehe 25 Mei wajumbe watatu wakaondolewa kwa kura chache. Mwezi uliofuata mahakama ikasema kufunga shule ni kinyume cha katiba. Agosti 1959 shule zikafunguliwa.

Jefferson na Carlotta walirudi Central. Februari 1960 nyumba ya kina Carlotta ililipuliwa kwa bomu. Kesho yake asubuhi Carlotta alikwenda shule. Mwaka ule alihitimu, msichana wa kwanza Mweusi kufanya hivyo pale.

SEHEMU YA 5: KUJENGA UPYA

Mlango kufunguka ni siku moja. Kujenga shule ya watu wote ilichukua miongo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo madarasa ya ngazi zote za mji yalipochanganywa, na watoto wakaanza kubebwa kwa mabasi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Familia nyingi za Kizungu zikahamia pembezoni au zikapeleka watoto shule za kulipia. Shule nyingi za katikati ya miji ya Marekani zilidhoofika hivyo: wenye sauti wakiondoka, paa likivuja hakuna wa kupiga kelele.

Central haikufa. Ilijijenga kwa masomo: kozi za juu zinazohesabika chuo kikuu, masomo ya kimataifa, muziki, michezo. Wazazi wa rangi zote wakapata sababu ya kubaki, wengine sababu ya kurudi. Leo ina wanafunzi zaidi ya 2,000. Mwaka 1998 sheria ya Marekani ikaifanya eneo la kihistoria la taifa, na watoto bado wanasoma humo kila siku. Mwaka 1997, miaka 40 baadaye, wale tisa walirudi wakiwa watu wazima, na aliyewafungulia mlango ni Rais Bill Clinton, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo lilelile. Ile nyumba ya Bibi Terry nayo, majina ya wanawake yaliyofichwa miaka 40 yaliandikwa kwenye vioo vya madirisha yake mwaka 1998.

Lakini mwaka 2007 ilitoka filamu ya maisha halisi kuhusu shule hiyo, ikaonyesha kitu kinachouma. Getini wanaingia pamoja, darasani wanaachana. Kozi za juu zimejaa watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo, na za kawaida zimejaa watoto Weusi, wengi wa familia maskini. Hakuna askari, hakuna matusi, ila mstari upo.

Wanafunzi wenyewe walifanya nini? Kwa miaka mingi sasa wana mradi wa kumbukumbu: kila mmoja anamhoji mzazi, bibi au jirani kuhusu ubaguzi na haki, anaandika. Septemba 2018 wanafunzi wakashirikiana na watu wa mji kuweka benchi linalofanana na lile alilokalia Elizabeth. Elizabeth alikuwepo. Tangu siku ile ya basi zilikuwa zimepita miaka 61.

Na Hazel? Miaka michache tu baada ya ile picha, akiwa ameolewa na ana watoto, alimtafuta Elizabeth kwa simu akamwomba msamaha. Aliwaza watoto wake watakapoiona picha ile. Walikuja kuwa marafiki mwaka 1997, kisha urafiki ukavunjika. Elizabeth aliishi miaka mingi na sonona na majeraha ya nafsi. Kidonda cha utotoni hakiishi kwa sababu picha mpya imepigwa. Mtoto wako akinyanyaswa shuleni, akaanza kukojoa kitandani, kuumwa tumbo kila Jumatatu, kukosa usingizi, usimwambie "jikaze". Msikilize, nenda shuleni, na mlete kliniki.

SEHEMU YA 6: SASA SISI

Narudi kwenye inbox yenu. Mimi sitakwambia mtoa shule ya kulipia kakosea. Kila mama anapiga hesabu zake usiku. Ila historia hii imenifundisha kuangalia shule kwa maswali mengine mbali na rangi ya sare na basi la njano.

Kwanza: kikao cha wazazi mara ya mwisho ulikwenda lini? Shule zetu za kata zina kamati na bodi, na viti vya wazazi vipo. Wale wajumbe watatu wa Little Rock waliingia kwa kura na wakatolewa kwa kura, na waliowatoa walianza kwa kupiga simu.

Pili: ndani ya shule ya mwanao, nani anakaa dawati la mbele, nani anapata tuisheni, nani hapati kitabu? Mtoto mwenye ulemavu, mtoto wa dada wa kazi, mtoto aliyetoka mkoani na lafudhi yake, wanapokelewaje?

Tatu, na hili ni la nyumbani: mtoto anayemcheka mwenzake alianza kusikia kwa nani? Hazel hakuzaliwa na ule uso. Kuna meza ya chakula aliyokalia, kuna watu wazima waliokuwa wakiongea huku wanadhani hasikii.

Wale kina mama wa getini na wale wa simu walikuwa wa mji mmoja, wanasali makanisa yaleyale, wananunua soko moja. Wote walisema wanawapenda watoto wao, na naamini waliwapenda kweli. Tofauti ni kwamba kundi moja lilihesabu watoto wake tu, lingine likajifunza, kwa kuchelewa na nusunusu, kuhesabu na wa jirani.

Haya, chungu hakijaungua? Niambieni hapo chini: shule uliyosoma wewe leo ikoje, na ni nani bado anaipigania? Nitasoma zote zamu ya usiku ikiniruhusu. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa za watoto, andaeni maswali.

Nesi wenu.